Vimewaka Vyote

Haya nilisimuliwa na mkwe wangu, mke wa mwanangu, asubuhi moja tukichambua mchele, wiki ile ile niliyopigwa picha hospitalini. Mimi mwenyewe nilikuwepo, lakini kwa mwili tu. Nilikuwa nimelazwa ndani ya mashine yenye tundu kama pete kubwa, na mambo yenyewe yalitokea nje ya mlango.

Mkwe wangu alikuwa kwenye benchi la korido, vidole vimeng'ang'ania mkoba, midomo ikichezacheza. Ombi lake lilikuwa moja: visiwake.

Ugonjwa wangu ulianzia utumboni, saratani ya chembe zinazomwaga homoni ovyo, hata uso ukawa unanipanda moto ghafla kama mtu aliyefumaniwa. Kutoka huko ukatupa vinundu kwenye ini, na kisu kisingeweza kuvimaliza. Picha hii ndiyo ingesema kama iko dawa ya kuvifuata, au turudi nyumbani tukatulize maumivu tu. Walinidunga dawa yenye mionzi kidogo, wakaiacha isambae, wakaniingiza.

Mkwe wangu alijiona anajua habari za picha. Jirani yetu mshonaji alipigwa ya namna hiyo, mwili ukawaka kila pembe kwenye picha, na mwaka haukuisha tukamzika. Basi nyumba nzima ilipewa kazi ya kuomba giza. Hata mimi humo ndani niliomba giza, tena kwa bidii ya mtu aliyekatazwa kujikuna.

"Tuliza goti," mwanangu alimwambia. "Benchi zima linatetemeka." Huyu tunamwita Kipaza, hajui kunong'ona tangu azaliwe.

"Tuliza wewe sauti. Humu watu wanaumwa."

Mlango ukafunguka. Daktari akatoka nusura akimbie, kola imekaa upande, meno yote nje.

"Vimewaka! Vimewaka vyote!"

Mkwe wangu akateleza hadi sakafuni, mikono kichwani, akaangua kilio kilichowatoa wauguzi vyumbani. Kipaza akasimama.

"Daktari, unachekea nini? Mama yangu anakufa, wewe unakenua!"

"Nani anakufa?"

"Si umesema vimewaka!"

Daktari akamtazama huyu, akamtazama yule. Kisha akachuchumaa pale pale, koti jeupe likifagia sakafu.

"Dada yangu, nani kakuambia kuwaka ni kubaya?"

"Jirani yetu aliwaka. Tukamzika."

"Yeye alidungwa nini? Sukari?"

"Ndiyo, walisema sukari yenye mionzi."

"Haya. Sukari hukimbiliwa na uvimbe wenye njaa, ule unaokua mbio. Ukiwaka kwa sukari, hata mimi naogopa. Ya leo si sukari. Ya leo ni mgeni anayetafuta mlango. Kila kilichowaka, ujue kina mlango na kimemkaribisha. Dawa ya kutibu hupita mlango huo huo, ila yenyewe huingia na moto."

"Na kama visingewaka?" akauliza Kipaza, kwa mara ya kwanza maishani kwa sauti ndogo.

"Ningetoka polepole."

Mkwe wangu akafuta pua. "Sasa sisi siku zote hizi tunaomba giza!"

Daktari alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akawa mtu mzima tena. "Sijasema atapona. Nasema wenye picha kama hii, wengi wao mwili husikia dawa. Tunazungumzia miaka, si wiki."

Hapo nikatolewa nje, miguu imekufa ganzi, nikawakuta wamekumbatiana huku machozi yanawatiririka.

"Umewaka, mama!" Kipaza akapasua korido. "Vimewaka vyote!"

Nami, ambaye sikuwa nimeelezwa lolote, nikaanza kuwausia kuhusu kuku wangu.

Tulifika nyumbani mchana. Wajukuu wakaambiwa wasinipande mapajani siku hiyo, kwa ajili ya mionzi, nami nikaenda kujilaza. Kipaza alipiga simu kwa ndugu wote, sauti ikamkauka, usingizi ukamchukua kitini na viatu miguuni. Mkwe wangu akamvua viatu.

Miezi yote ile alikuwa analala na sikio mlangoni kwangu, anafuatilia pumzi zangu. Mchana ule aliingia chumbani kwake, akafunga mlango, akageukia ukuta, akalala.