Kobe wa Shemeji Piusi

Mwaka ule mafuta ya gari yalipoadimika, hata basi la Arusha likawa linapita siku linayotaka lenyewe, shemeji yangu Piusi alitengeneza sanduku linalotembea. Halikuwa na magurudumu wala miguu. Lilikuwa sanduku la mbao, ukubwa wa debe lililolazwa, na ndani alitia springi ya gramafoni na vipande viwili vya chuma alivyokata kwenye jembe bovu la trekta. Ukijaza springi kwa ufunguo wake kisha ukaiachia, vile vyuma vinarudi nyuma taratibu, halafu vinakuja mbele kwa kishindo. Nyuma taratibu, mbele kwa kishindo. Na kila kishindo sanduku linasogea upana wa kidole. Watu wa Daa, kijiji chetu, wakaliita Kobe.

Mimi nilikuwa nakaa kwao tangu nilipomaliza darasa la saba. Namsaidia dada Evarista kulea mtoto, na wakati wa kulima naongoza ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walikuwa wawili, Sukari na Mzungu. Mimi nashika kamba mbele, shemeji anashika plau nyuma. Nawataja mapema kwa sababu habari hii ni yao zaidi kuliko ya sanduku. Shemeji alitaka kuwatoa wote wawili kwa Lembris, mfugaji wa Nainokanoka, wabadilishane na injini, bado nzima, ya Landrova iliyokufa huko juu. Injini ingeletwa na punda, vipande vipande. Na mvua zilikuwa zinakaribia, shamba halijaguswa.

Shemeji alikuwa fundi kwenye shamba la ngano mpaka trekta la mwisho lilipokosa vipuri. Tangu hapo alikuwa anawaza. Kila aliyesimama pale uani alielezwa.

"Gari linasukuma ardhi," anasema. "Ardhi ikiwa matope litasukuma nini? Linabaki kulia pale pale. Huyu hasukumi ardhi. Anajisukuma mwenyewe kwa ndani. Nikimtoa springi nikampa injini, anapanda mlima wa Kreta masika, na trela nyuma, kwa chupa moja ya petroli."

Jirani yetu Martini, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kilimo na ya pili kucheka watu, hakukosa hata siku moja.

"Anajisukuma kwa ndani! Basi na mimi ngoja nijishike masikio nijinyanyue, nivuke ua nikaone kwenu mmepika nini."

"Cheka tu, Martini. Hata aliyefunga plau kwa ng'ombe mara ya kwanza alichekwa."

"Ng'ombe alikuwa na miguu, mwenzangu."

Bombani wanawake waliniuliza kama Kobe anapewa chakula usiku. Mzee mmoja wa kanisani alisema kitu kinachotembea bila miguu kimeshatajwa kwenye Biblia, na hakikutajwa kwa wema. Dada Evarista yeye hakucheka wala hakusifu. Alimwambia mumewe maneno machache tu: "Kutembea kwake nimekuona. Sasa shamba langu litalimwa na nani?"

"Mwaka mmoja tu, Mama Yohani. Mwaka mmoja tutalima kwa jembe la mkono."

"Mkono wa nani?"

Shemeji akaenda kuangalia springi yake.

Jumamosi moja nilikuwa nasiriba sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe. Nje kulikuwa na manyunyu, shemeji akaingia na Kobe, akamweka pale nilipokuwa nimetoka kupaka, bado pabichi, panateleza kama ute wa bamia. Akajaza springi mpaka mwisho, akalaza sikio juu ya kifuniko asikilize vyuma. Mimi sikusikiliza. Niliangalia chini. Kobe alikwenda mbele upana wa kidole, akarudi nyuma upana wa kidole. Akaenda, akarudi. Springi ilipokwisha alikuwa pale pale alipowekwa, na chini yake pamebaki alama fupi, kama mtu amefuta kwa kiganja.

"Shemeji, hajaenda."

"Kinyesi kimemnasa."

"Hajanaswa. Anateleza mbele na nyuma."

"Germana, maliza sakafu yako."

Nikamaliza. Jioni tukimenya viazi nilimwambia dada nilichokiona. Aliniuliza kama springi ilikuwa imejaa kweli. Nikamwambia ilijaa. Akaendelea kumenya.

Lembris alikuja siku ya mnada, ametokea Karatu mjini, na kamba mbili za ngozi begani. Kwetu ng'ombe akishavuliwa kamba ya mwenyewe akavikwa ya mnunuzi, basi, maneno yamekwisha, hata ukilia. Kwa hiyo watu walipoona zile kamba begani walijua leo ndiyo leo, wakajaa uani mpaka kwenye matuta ya viazi.

"Takwenya," Lembris alimsalimia dada kwa Kimasai.

"Iko," dada akaitikia, akampa kigoda. Hakukikalia. Alitaka kuona kwanza injini yake inakwenda kwenye nini.

Shemeji alimweka Kobe katikati ya uwanja, akamwachia. Kobe akaanza kwenda, tk, tk, tk, vumbi dogo likiruka.

"Uwanja unainama!" Martini akapaza sauti. "Hapo hata chungu kingetembea!"

Shemeji alimgeuza Kobe akamwelekeza juu, kwenye ghala, akajaza springi tena. Kobe akapanda. Polepole, lakini alipanda. Watoto wakapiga kelele. Martini akapitisha mkono mbele ya sanduku kutafuta uzi, akapitisha juu, mwisho akalala kifudifudi achungulie chini yake. Aliposimama alikuwa na vumbi kidevuni na hacheki. Sikuwahi kumwona hivyo.

Lembris alilizunguka sanduku, fimbo mkononi.

"Nimeona," alisema. "Lakini kule kwetu, njia ya ukingoni, mvua ikinyesha gari linateleza kama limepakwa mafuta. Huyu atapita?"

"Huyu?" Shemeji alikuwa anacheka kwa furaha. "Huyu hata kwenye mafuta, rafiki yangu."

Dada akanipa mtoto, akaingia ndani. Alitoka anaburuta ngozi yetu ya kulalia, akaitandika uwanjani manyoya chini. Akaingia tena, akatoka na kibuyu cha mafuta ya mkia wa kondoo, yale anayomwekea mtoto kwa ajili ya kifua. Akachota kwa kiganja, akapaka. Alipaka ngozi yote, kona kwa kona, bila haraka. Hakuna aliyemzuia. Si kila siku mtu anaona mafuta yakimwagwa namna ile.

"Mama Yohani, unafanya nini?"

"Umesema hata kwenye mafuta, Baba Yohani. Mafuta nimeleta."

Watu wakacheka, na shemeji naye akacheka, kwa sababu alikuwa na hakika. Akambeba Kobe.

"Jaza mpaka mwisho, shemeji," nikasema. Siku ile sikusema kingine.

Akajaza, akamwachia. Vyuma vikarudi nyuma taratibu, vikaja mbele kwa kishindo. Kobe akaenda, akarudi. Akaenda, akarudi, kama mama anayembembeleza mtoto. Ilikuwa vile vile kama kwenye sakafu yangu. Springi ikaisha, na sanduku liko pale pale.

Nilitegemea kicheko. Hakikuja. Martini ndiye aliyesema kwanza, tena kwa hasira.

"Hii siyo haki! Hapo hata ng'ombe ukimsimamisha anaanguka!"

"Mafuta ya kondoo yanazima vitu vya namna hii," mwingine akasema nyuma yangu. "Hayo yanajulikana."

"Rafiki yangu," Lembris akamwambia shemeji, "mimi sikuja kuangalia ngozi. Nimemwona akipanda kwa macho yangu. Injini ni yako." Akashusha kamba begani, akaenda zizini, walikokuwa Sukari na Mzungu wakicheua.

Dada hakusogea. Mikono yake ilikuwa inang'aa mafuta mpaka kwenye viwiko, na macho yake yalikuwa kwa mumewe. Angesema neno mbele ya watu, shemeji angekaza, hilo tulilijua sote wawili. Kwa hiyo alinyamaza, na mimi nikanyamaza, mtoto mgongoni.

Shemeji alikuwa amepiga magoti. Akajaza springi tena, akamwachia Kobe pale pale kwenye mafuta. Safari hii hakulaza sikio. Aliinamisha kichwa akaangalia chini yake. Nenda, rudi. Akachota udongo mkavu kiganjani, akaunyunyiza mbele ya sanduku na chini ya ukingo wake. Kobe akashika. Tk, tk, akaanza kutembea juu ya ule udongo, na udongo ulipoishia akasimama, akarudia kubembeleza.

Zizini Lembris alikuwa ameshamvika Mzungu kamba yake kwenye pembe. Anaanza kufungua ile ya kwetu.

"Lembris," shemeji akaita, bado yuko chini. "Acha kamba."

"Nini tena?"

"Anasukuma ardhi." Akainuka. "Muda wote alikuwa anasukuma ardhi kama gari tu. Mimi ndiye sikuona."

"Kamba yangu iko kwenye pembe za ng'ombe, Piusi."

"Na yangu haijatoka."

Mzungu alisimama na kamba mbili, anatafuna. Lembris alimwangalia ng'ombe, akamwangalia shemeji, akaangalia ile ngozi na mtu mzima mwenye vumbi magotini. Kisha akacheka kidogo puani, akaitoa kamba yake.

"Nimeona watu wengi," alisema. "Anayekataa injini nzima kwa sababu ya mkia wa kondoo, huyu ndiye wa kwanza."

Alikunywa chai, akaaga vizuri, akaondoka na kamba zake. Dada aliyakwangua yale mafuta kwa kisu, akayachemsha, akayachuja. Mwaka mzima yalinuka ngozi, lakini kifua cha Yohani hakikujali.

Nilidhani maneno yangekwisha hapo. Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza. Kilabuni Martini alikuwa anaapa kwamba yeye mwenyewe amelala kifudifudi, hakuna uzi, na Kobe amepanda mlima mbele yake. Shemeji akiwaambia Kobe ni sanduku tu, haliwezi kitu, wanakonyezana.

"Ameshauza siri. Wazungu wa lodge ya watalii wamemfunga mdomo."

"Mtu akatae injini bure? Ana injini nyingine huyo."

Akaja mtu kutoka Mbulu kwa miguu anataka kumwona. Shemeji alimwonyesha Kobe kwenye ngozi yenye mafuta, akamweleza yote. Yule mtu akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Ndugu yangu, mimi kwangu hakuna mafuta, kuna udongo. Kwenye udongo anatembea, hatembei?"

"Anatembea, lakini..."

"Basi unanificha nini?"

Shemeji alikuja jikoni, akakaa karibu na moto.

"Nilipowaambia anaweza, walinicheka. Nawaambia hawezi, bado wananicheka."

"Kesho mvua ikikatika tulime," dada akasema.

Tukalima. Udongo ulikuwa umelowa sawasawa. Sukari alivuta vizuri, lakini Mzungu alikuwa anateleza kwenye mteremko. Anateleza, anachimba kwato, anashika, plau inakwenda. Katikati ya tuta shemeji akasema, "Shemeji, simama kidogo."

Nikasimama na kamba. Aliacha plau, akaja mbele, akainama kwenye alama ya kwato iliyokuwa inajaa maji. Barabarani Martini alikuwa anapita na punda wake.

"Piusi! Mbona unawatesa ng'ombe na Kobe amelala ndani?"

Shemeji alitia vidole kwenye ile alama, kwanza viwili, halafu vinne, akaangalia matope yalipofika. Kisha akaangalia kwato ya Mzungu kwa chini. Nilisubiri. Mzungu naye alisubiri.

"Twende," akasema.

Tulipofika mwisho wa shamba alisimama tena, akapima alama nyingine. "Chuma chenye kwato," akasema peke yake.

Jioni nikamwambia dada. Aliacha kukoroga ugali.

"Alipima kwa vidole?"

"Kwa vidole."

Akafuta mikono, akatoka nje kwenda zizini kuangalia kama kamba za ng'ombe zimefungwa vizuri.