Nusu ya Kibati cha Konrad

Bibi yangu Garifalia hakuwahi kumsamehe mtu, na hakuona sababu ya kuanza uzeeni. Nilipokwenda Ujerumani kufanya kazi kiwandani hakunisemesha miaka minane. Nikija likizo na zawadi, anaila chokoleti yangu yote huku amenipa mgongo. Aliponisemesha tena nilikuwa nimesharudi moja kwa moja hapa Pera Lakki, kijijini kwetu Krete, na kufungua kituo cha mafuta, na neno lake la kwanza lilikuwa swali.

"Kijerumani umekijua?"

"Nimekijua, Bibi."

"Basi hukupotea bure. Keti."

Akafungua fundo la leso akatoa kibati, kile cha shingoni mwa askari wa Kijerumani. Nilikijua tangu utoto: bati bapa lenye umbo la nusu yai, lina namba na herufi chache, halina jina. Upande mmoja umevunjika.

Habari yake inajulikana na kila mtu hapa. Septemba 1943 Wajerumani walichoma kijiji na kuwapiga risasi wanaume kumi na tisa kwenye uwanja wa kupuria ngano. Babu alikuwa milimani na bunduki yake. Siku ya nne wanawake walimkuta korongoni, uso umepondwa kwa jiwe, hana buti, kavaa koti la sufu alilofumiwa na Bibi, na ngumi yake ya kulia imekibana kibati hiki. Jua lilikuwa limemharibu, kwa hiyo hakuvuliwa wala hakuoshwa. Alizikwa na koti lake. Kijiji kikasema kwamba hata akiwa anakata roho, alimvunjia muuaji wake kibati shingoni. Wakamtungia wimbo. Mimi nimepewa jina lake, Haridimos, na harusini kwangu wimbo huo uliimbwa mara tatu.

Kwetu mifupa ya marehemu hufukuliwa baada ya miaka michache, wanawake wa nyumba wakaiosha kwa divai, ikawekwa sandukuni kwenye nyumba ya mifupa. Bibi aligoma. Aliapa kwamba mumewe hatatoka ardhini mpaka yeye apate jina la mwenye kibati, alitaje juu ya mifupa na kulilaani hadi kizazi cha saba. Miaka hamsini na moja alivaa nyeusi na kuwasha taa ya mafuta kaburini kila jioni. Padri Manousos alimsihi kila Pasaka aachie nafasi ya kaburi, akaambulia matusi ambayo padri hapaswi kujua maana yake.

Mwaka 1951 baharia mmoja, Stratis, alirudi kutoka Aleksandria akidai kamwona Haridimos kule, ana duka la viatu, mke na watoto. Bibi alimtandika usoni kwa ubao wa kutolea mikate tanurini. Stratis alizikwa na kovu lile kwenye nyusi.

"Nina miaka sabini na tisa," Bibi aliniambia siku ile. "Nitafutie jina kabla sijafa. Nikifa bila jina, nitakuja kukusumbua wewe."

Nikaiandikia ofisi inayotunza kumbukumbu za askari wao waliokufa. Jibu lilikuja baada ya miezi saba. Nilimsomea jikoni, jirani yetu Kalliopi akiwa pale anamenya maharage na kujifanya hasikilizi.

Mwenye namba ile aliitwa Konrad Wessling, seremala, aliyezaliwa 1919. Alitoweka Krete Septemba 1943. Kibati chao, barua ilieleza, hutobolewa matundu katikati ili kikatike kirahisi. Askari akifa, nusu hupelekwa ofisini na nusu hubaki na maiti. Nusu ya Konrad haikuwahi kufika. Dada yake, Irmgard, bado yu hai, na anauliza kama kuna mtu anayejua kaka yake amelala wapi.

"Rudia jina."

"Konrad Wessling."

Alilitafuna mdomoni mara mbili tatu. "Na hakurudi kwao?"

"Hakurudi."

"Basi alimuua," Bibi akasema. "Mume wangu alimuua kabla hajafa." Akacheka mpaka nikaona fizi zake, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu nizaliwe. "Mwandikie huyo dada mtu. Mwambie kaka yake aliliwa na kunguru, na mahali pa mabaki tunapajua ila hatusemi. Akae na kiti chake kitupu kama nilivyokaa mimi."

"Bibi, ni kikongwe kama wewe."

"Ndiyo maana. Kijana angesahau."

Niliandika, nikaipeleka posta mwenyewe. Sitasema nililazimishwa. Hasira ile nimeirithi pamoja na jina.

Jumamosi iliyofuata tulifukua. Mimi na shemeji yangu tulichimba, Padri akisoma sala zake, na Bibi amekaa ukingoni kwenye kigoda na chupa ya divai mapajani, kama mtu aliyekuja sherehe. Koti lilikuwa limeoza, vimebaki vifungo vya pembe. Alivitambua akavibusu kimoja kimoja. Kisha akasimama, akainua mkono.

"Konrad Wessling," akaanza, na laana ikafuata. Aliilaani nyumba yake, kitanda chake, maziwa aliyonyonya. Padri aliangalia mawingu.

Kalliopi alikuwa ameshaanza kupokea mifupa kwenye shuka. Alishika taya la chini, akaligeuza, akaligeuza tena.

"Dada Garifalia, samahani kukukatiza. Haridimos si alipigwa teke na nyumbu wa baba yangu?"

"Alipigwa. Yakatoka meno mawili ya mbele, ya chini. Baba yako hakuomba hata radhi."

"Basi yameota tena," Kalliopi akasema.

Akamwonyesha. Meno yote ya chini yalikuwepo, yamejipanga vizuri. Nilirudi kuchakura udongo kwa vidole, maana sikutaka kumtazama Bibi usoni, na penye mbavu nikagusa bati. Umbo la nusu yai, na kipande cha uzi kikiwa bado tunduni.

Bibi alifungua leso yake. Nusu mbili ziligusana zikashikana barabara, tundu kwa tundu, na namba ilikuwa ileile juu na chini.

"Pengine," Padri akaanza, "katika vurugu za vita..."

"Nyamaza, Baba." Bibi alikaa chini. "Shati la ndani. Siku ile niliona kwenye ukosi kwamba halikuwa shati nililomshonea mimi. Nikajiambia amemvua Mjerumani, shujaa wangu."

"Na buti," Kalliopi akasema polepole. "Aliziondoa, maana za kijeshi tungezijua."

"Akamponda uso. Akamvisha suruali yake na koti langu. Akavuta kibati kimtoke, kikakatika, akapata nusu. Badala ya kuitupa akaitia ngumini, mbwa yule. Alitaka akimbie, na tena aimbiwe."

"Labda alichoka na vita, Bibi."

"Alichoka na vita au alinichoka mimi. Simtafutii sababu." Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Stratis."

Nilidhani ataitemea mate ile mifupa. Aliagiza beseni. Akaiosha yote kwa divai, fuvu kwanza, hata vidole vidogo vya miguu, kwa mikono yenye hasira lakini bila kuharakisha, na hakumruhusu mtu amsaidie.

"Huyu alikuja kutuchoma, akapata yake," alisema. "Bado mmoja."

Alipomaliza alinigeukia. "Andika barua nyingine. Mwambie dada yake ile ya kwanza iliandikwa na mjinga. Aje amchukue. Mwambie taa yake iliwaka kila jioni kwa miaka hamsini na moja. Ya nani na kwa nini, hayamhusu."

Hatukurudi nyumbani. Alinipitisha kituoni kwangu nichukue patasi na nyundo, tukaenda uwanja wa katikati ya kijiji. Wanaume wote walikuwa mkahawani wanakunywa kahawa. Mnara wa kumbukumbu una majina ishirini: la Haridimos juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko za wengine, na chini yake wale kumi na tisa waliokufa kweli.

Mwenyekiti wa kijiji alipoiona nyundo akainuka. "Mama Garifalia, mnara huo ni wa kijiji."

"Na mume ni wangu. Keti unywe kahawa yako."

Akaketi. Bibi akafungua kitambaa cheusi kichwani. Nywele zake zilikuwa nyeupe pe, sikuwahi kuziona juani. Akakitupa chini, akakikanyaga, akainua nyundo kwa mikono miwili.

"Wewe shika patasi. Peke yangu nitakosea niharibu jina la mtu mwema."

Niliiweka kwenye herufi ya kwanza. Jina lilikuwa la Babu, na lilikuwa langu pia, na niliona haya kana kwamba mimi ndiye niliyetoroka.

"Bibi, na mimi utaniitaje?"

"Tutakutafutia jingine," akasema. "Shika imara."

Akapiga.