Mahameli ya Shomoro

Msumari wa mwisho ulipozama, yule mdogo alirukaruka kama bisi kwenye sufuria. Dada yake hakuruka. Alichungulia tundu la kisanduku cha ndege tulichokuwa tukikiunda, akapitisha vidole viwili, akasema, "Shomoro atapita." Kwake hiyo ilikuwa sherehe. Nilifurahi nikasahau hata dole gumba nililojigonga kwa nyundo.

Hawa ni watoto wa mume wangu. Mdogo alinizoea mara tu nilipomruhusu kurukia makochi karakanani kwangu, maana mimi ni fundi wa makochi. Binti ndiye aliyenitoa jasho. Nilipohamia, nilimpambia chumba chake kwa roho kunjufu: pazia zito, mito tele, ubao wa kitandani nilioujaza sponji na kuuvika mahameli. Akanishukuru kwa adabu zote, akakunja shuka lake, akahamia kwenye godoro la mdogo wake. Hakuwa amerudi. Katika nyumba ile sikutamani kitu kingine kama kumwona akilala tena chumbani kwake.

Basi walipokwenda kunawa mikono, nikafungua kifuniko cha kisanduku. Nikashindilia sponji, nikaivika mahameli ya zambarau na kuibana kwa pini. Kazi safi, nilijisifu.

Tulikitundika ukutani, juu ya bomba la bustani. Asubuhi mdogo alitutoa vitandani kwa kelele: wamekuja, wamekuja. Tulikimbia miguu mitupu, tukajibanza nyuma ya pipa la maji. Shomoro jike alitua tunduni na jani kavu mdomoni. Akaingiza kichwa. Akakitoa, jani bado analo. Akajaribu tena, kisha akaruka akaenda zake.

Binti alipanda kwenye kiti, akafunua kifuniko.

"Anti, umeweka nini humu?"

"Nimemtandikia."

"Anatandika mwenyewe. Sasa majani yake ayaweke wapi?"

Alisema bila ukali, na ndiyo maana iliniingia. Nikampa koleo. Akang'oa pini, akatoa sponji yote, akanikabidhi mahameli yangu. Tukarudi nyuma ya pipa, mdogo akinibana mkono kwa hamu.

Shomoro alirudi. Akaingia mzima mzima. Alipotoka, mdomo ulikuwa mtupu.

Mdogo aliruka, nami nikaruka, mwanamke mzima na kanga yangu ya kulalia. Binti alicheka mpaka akakaa chini. Nikaona nisipouliza sasa, sitauliza tena.

"Na chumbani kwako, nitoe nini?"

Kicheko kikakatika. Alinitazama kwanza.

"Pazia," akasema. "Mito. Na ule ubao, anti. Samahani."

"Nilikesha nikiutengeneza ule ubao."

"Najua. Nilikusikia ukigonga."

Tuliingia pamoja. Nilipomaliza kufungua skrubu za ubao, alisimama katikati ya chumba, akageuka huku na huku.

"Kitanda kikae dirishani," akasema. Akashika upande mmoja, akanisubiri nishike wa pili.