Orodha Iliyofungiwa Mandazi

Sheria gani, jamani? Mwaka huo wa tisini na sita hakukuwa na sheria ya kumzuia tajiri kupima damu ya wafanyakazi kisirisiri na kuyaweka majibu kwenye kompyuta. Kliniki ya kiwanda kimoja cha nguo, Eneo la Viwanda Thika, iliwaambia watu wanapimwa homa ya matumbo. Wakapimwa Januari, wakapimwa tena Juni, na kilichotafutwa ni virusi vya ukimwi. Karani wa ofisi, Syokau, ndiye aliyechapa orodha: jina, nyumba, na mwisho wa mstari alama ya kujumlisha kwa mwenye virusi, ya kutoa kwa asiye navyo. Aliambiwa afunge mdomo, akaufunga. Kazi zenyewe ziko wapi?

Sasa, Syokau alikuwa na mazoea. Kila Ijumaa alimpelekea Fatu, muuza mandazi wa getini, karatasi zilizoharibika kwenye printa, zile ndefu zenye vitobo pembeni, afungie mandazi. Makarani wengi walifanya hivyo. Nusu ya njugu za Thika zilifungwa kwa mambo ya watu na hakuna aliyejali. Ijumaa moja Syokau alibeba bunda bila kuangalia, na ndani mlikuwa na orodha ya Juni.

Jumatatu saa nne, wakati wa chai, Odongo wa mitambo ya kufuma akanunua mandazi mbili. Alikula moja. Ya pili ilianguka vumbini, kwa sababu kwenye karatasi, chini ya kichwa cha virusi vya ukimwi, alikuwa amesoma jina la mkewe, Apiyo, mfanyakazi wa humo humo kiwandani, na alama ya kujumlisha. Wenzake wakachungulia. Mmoja akacheka, mjinga yule, na kicheko ndicho kilichomwasha Odongo. Akaingia ndani, akachomoa chuma cha mashine, akatoka getini akiapa kwamba leo mtu atazikwa. Apiyo siku hiyo hakuwa kazini, alikuwa nyumbani Ruiru.

Fatu akamkimbilia Syokau na kile kipande. Syokau alipokiona, akaitambua orodha yake. Maji yalikuwa yameshamwagika. Akamwomba meneja apigie polisi wa Ruiru simu. Meneja akamwuliza kama anataka magazeti yajue kiwanda kinapima nini. Simu haikupigwa, na Syokau akatoka mbio bila kuaga.

Alipofika Ruiru, wapangaji wa ploti nzima walikuwa wamesimama nje ya mlango wa Apiyo, mikono kifuani, eti ya mume na mke hayaingiliwi. Watu wa ovyo kabisa! Ndani Odongo alikuwa anapiga. Alipiga mkono uliojikinga mpaka ukaning'inia, akapiga mbavu, akapiga uso, na kila pigo akitaka jina la mwanamume. Apiyo hakuwa na jina la kumpa. Syokau akajitupa katikati. Chuma kikamshukia begani, akasikia mfupa ukivunjika, naye akauma mguu wa Odongo mpaka damu ikamjaa mdomoni. Hapo ndipo wanaume wa ploti walipokumbuka kwamba ni wanaume, wakaingia wakamshika.

Polisi waliandika kwamba mume na mke wamegombana. Ile karatasi, mkubwa wa kituo aliigeuza huku na huku, akasema karatasi haina kesi, labda kampuni ikitaka imshtaki aliyeiiba.

Siku ya tatu Syokau akaenda wodini, mkono umefungwa shingoni. Apiyo alikuwa amepoteza jicho la kushoto. Syokau hakuzunguka. Alikaa kitandani akakiri yote, kuanzia kuchapa hadi lile bunda, huku analia. Apiyo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Odongo naye alipimwa?" akauliza.

Tangu Jumatatu Syokau alikuwa ameapa kwamba habari ya damu ya mtu haitatoka kwake tena. Lakini angemficha huyu, aliyelala hapo na bandeji usoni?

"Alipimwa Januari," akasema. "Alikuwa navyo."

"Na mimi Januari?"

Syokau alitamani sakafu immeze. Alikuwa amechapa majina hayo mawili siku moja, nyumba ileile.

"Wewe hukuwa navyo."

Apiyo alimtazama kwa jicho lake moja.

"Miezi mitano, dada," akasema. "Na kila asubuhi ulikuwa unaniuliza habari ya nyumbani."