Barafu ya Shemeji Nathaniel

Shemeji yangu Nathaniel alirudi Ukerewe na mkoba wa ngozi, kalamu mbili mfukoni, na taarifa kwamba sasa yeye ni mvuvi. Miaka kumi na minane alikuwa karani wa ushirika wa pamba kule Mwanza, mpaka soko huria lilipoingia na makarani wakapunguzwa. Wenzake walifungua vibanda Mkuyuni. Yeye akakumbuka kwamba marehemu kaka yake aliacha mtumbwi.

Marehemu huyo, Yeremia, alikuwa mume wangu. Mbao za mtumbwi ule zilitokana na mihogo yangu na samaki wake. Tangu afariki, miezi saba, ulikuwa unatoka kila siku na nahodha wake wa zamani, Masalu. Mimi nakamata chambo alfajiri, Masalu na wenzake wawili wanavua sangara, mchana mashua ya kiwanda cha samaki inakuja na barafu yake kuwachukua sangara hao. Kwa pesa za mtumbwi huo binti yangu Odeta alikuwa kidato cha pili.

Nathaniel akauambia ukoo kwamba mali ya ukoo haiwezi kusimamiwa na mwanamke wakati mwanamume msomi yupo. Nilipobisha, baba yao mkubwa, mzee Nkwabi, alitoa hukumu aliyoiona ya haki. Nathaniel atoke na wavuvi siku moja, yeye akiongoza. Akirudi na samaki kama wanaoletwa na Masalu, mtumbwi ni wake. Akishindwa, unabaki kwangu.

Sangara hali maiti. Anataka kambare mdogo aliye hai, anayejipinda kwenye ndoano. Nilikuwa nawakamata kwenye matete, maji yakinifika kifuani, nawaweka kwenye ndoo ya maji ya ziwa na kuwafunika majani ili jua lisiwapige. Ukimtupia sangara kambare aliyekufa, utakaa mpaka uote kutu. Kila mtu pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, analijua hilo. Lakini Nathaniel alilelewa kwa mjomba wake mjini, na isitoshe alikuwa amehudhuria semina.

Semina yenyewe ilichukua saa tatu, chini ya turubai. Mtaalamu wa kiwanda alisema barafu ndiyo uhai wa samaki. Nathaniel akaandika hivyo hivyo, akapiga mstari chini yake. Wazee nao walihudhuria, kwa sababu kulikuwa na soda.

Siku ya mtihani alifika mwaloni amevaa viatu vya kamba na soksi. Alikuwa na sanduku la barafu aliloliomba jana yake kwenye mashua ya kiwanda. Akafunua ndoo yangu, akawatazama kambare wakihangaika.

"Shemeji, chambo chako hakina hifadhi," akasema. "Hawa watafika wamechoka."

Akamimina barafu ndani. Masalu alikohoa.

"Bosi, hawa si wanatakiwa wawe hai?"

"Ulikuwepo kwenye semina wewe?"

Masalu hakuwepo, alikuwa ziwani anavua. Akaipakia ndoo mtumbwini. Nilijua kabisa kitakachotokea, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa. Nilimwambia, "Safari njema, shemeji," nikarudi kupalilia mihogo.

Walirudi saa saba na mtumbwi mtupu. Masalu alisimulia mbele ya wazee pale pale mwaloni huku anaangalia vidole vyake vya miguu. Kabla hawajafika maji makubwa, kambare wote walikuwa wamekakamaa kama kuni. Nathaniel akaamuru watungwe ndoanoni hivyo hivyo. Wakashusha kamba, wakakaa. Mtumbwi wa jirani, umbali wa kusikilizana, ulipandisha sangara watatu, mmoja mrefu kumshinda Nathaniel, ingawa hilo si jambo kubwa. Wao hawakupata hata wa mboga.

Nikasema moyoni, yamekwisha. Nikapiga goti, nikamwamkia mzee Nkwabi shikamoo, nikangoja aseme neno lake.

Nathaniel akatangulia. Debe tupu haliachi kuvuma.

"Chambo kilikufa," alisema. "Swali ni moja tu. Nani alitupatia chambo hicho?"

Wazee wakageuka kunitazama. Mmoja akakumbuka kwamba mjane hajamaliza mwaka wa msiba. Mwingine akasema aliniona juzi nimeegemea ubavu wa mtumbwi, na mtumbwi ukiguswa na mjane una mkosi, ndiyo maana samaki wamesusa.

"Aliweka barafu kwenye ndoo," nikasema. "Masalu aliona."

Masalu aliendelea na vidole vyake. Baadaye nilisikia alikuwa ameahidiwa mashine ya kuendeshea mtumbwi.

"Lakini mwanangu," alisema mzee Nkwabi kwa upole, "barafu si ndiyo inahifadhi samaki? Tulifundishwa sote."

"Baba, samaki wa kiwandani wamekwisha kufa."

Nadhani wawili watatu walianza kuelewa. Ndipo mzee akauliza lile ambalo sikulitegemea.

"Kama ulijua, mbona uliwaacha waende?"

Nilitaka ashindwe, ndiyo kweli, na kweli hiyo haisemeki mbele ya ukoo. Mzee akatikisa kichwa. Akasema mtumbwi uwe wa Nathaniel, ila kwanza usafishwe kwa sababu ya mkono wangu.

Hasira ilinipanda mpaka nikaona raha. Nikainuka, nikashuka majini, nikaingia mtumbwini na kukaa pale katikati anapokaa nahodha. Sijawahi kusikia wanaume wazima wanatulia namna ile. Kama mkono tu ulikuwa na mkosi, basi sasa nimekalisha mwili mzima.

"Shemeji, mimi ni msomi," alisema Nathaniel. "Siamini mambo hayo ya kienyeji."

"Basi karibu," nikasema, nikasogea kumpa nafasi.

Akatazama wazee. Akatazama maji. Akasema viatu vitalowa.

"Vua."

Hakuvua. Nikafungua kamba. Kasia sikuwahi kulishika maishani, maana hakuna aliyewahi kuniruhusu, na nilipochovya mara ya kwanza mtumbwi ulizunguka tu pale pale. Wakacheka, Masalu naye. Nikachovya upande wa pili, ukasogea mbele kidogo, ukapinda, ukasogea tena.

"Rudisha mtumbwi wa ukoo!" Nathaniel alipaza sauti.

"Njoo uuchukue."

Maji pale yalikuwa hayajafika hata magotini. Hakuna aliyekuja.