Mwenye Mashine ya Sombe

Espérance Ngalula alikuwa na imani moja ambayo hakumficha mtu: tangu dunia iumbwe, hakuna aliyevumbua kitu peke yake. Alikuwa msaidizi wa profesa katika idara ya sosholojia pale Lubumbashi, akiandika tasnifu kuhusu namna vitu vipya vinavyozaliwa ndani ya vikundi vya kazi. Mwanafunzi akisimama darasani na kusema kwamba fulani ndiye aliyevumbua injini ya mvuke, Espérance alimkatiza kwa upole. Nani alimletea makaa? Nani alishindwa kabla yake? Nani alimlalamikia mpaka akachoka kusikia?

Basi alipopata habari za karakana moja kule Naviundu, alikosa usingizi kwa furaha. Karakana ilikuwa na mashine ya kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, na wanawake walitoka hata Ruashi na mabeseni yao kuipangia foleni. Wenyewe walikuwa chama cha watu watatu, na chama kilikuwa karibu kuvunjika, kwa sababu kila mmoja alitaka jina lake, na lake tu, lipakwe rangi ubavuni mwa mashine.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Papa Zéphirin, fundi wa kuchomelea vyuma.

"Miye njo nilitengeneza," alisema, akakunja mkono wa shati ili Espérance aone alipoungua. "Mikono ya nani ilichoma hivi bichuma?"

Papa Jérémie, rais wa chama, mfanyabiashara wa jumla mwenye asili ya Butembo, alicheka aliposikia hayo. "Mota nilileta mimi. Bila mota, ile ni sanamu tu. Nani anakula sanamu?"

Mama Josée Kapya, muuza sombe, hakuwa na kovu wala mota. Alikuwa na kisa. Mashine ya kwanza ya Zéphirin ilikuwa na visu, na sombe ilitoka imekatikakatika kama nyasi. Wateja wake wakamrudishia. Zéphirin alitaka kurekebisha, lakini rais alikuwa amekataza mtu kuigusa mashine, maana ilikuwa inazunguka na yeye hilo lilimtosha. Ndipo Josée akaja na beseni lake, akasimama katikati ya mlango wa karakana, hapiti mtu kuingia wala kutoka.

"Nilimuambia, Papa Zéphirin, sombe banatwangaka, habakatake. Toa ile bisu, weka nyundo. Alikataa. Nikabakia pa mulango. Magaribi akatoa bisu."

Espérance alirudi Naviundu mara nyingi, akakaa kwenye kiti cha plastiki akitazama. Akatambua kwamba hata mfuniko wa mashine, hata mdomo wake wa kutolea sombe, vilibadilika kwa njia ile ile: rais alikataza, mteja akaja amekasirika, fundi akakosa ujasiri wa kumfukuza. Kitu kipya, alisema moyoni, hakizaliwi katika kichwa cha mkubwa wala mikononi mwa fundi. Kinazaliwa mlangoni. Akaiita nadharia ya mlango, na siku hiyo alirudi nyumbani kwa miguu bila kuhisi njia.

Aliwakusanya wale watatu, akawaeleza kwa subira ya mtu anayewapenda. Kila mmoja alikuwa na haki, lakini hakuna aliyekuwa na haki peke yake. Kugombania jina ni kutojua namna vitu vinavyozaliwa.

"Njo kusema mashine haina mwenyewe?" Zéphirin aliuliza.

"Iko naye, Papa. Ninyi wote."

Alisema vizuri sana hata wakakubali. Zéphirin mwenyewe akachukua brashi akaandika SIYE BOTE, yaani sisi sote, kwa rangi nyekundu, na chama kikapona.

Profesa Édouard, aliyesimamia tasnifu ya Espérance, alifurahishwa na kazi hiyo. Akaandaa semina, akawaalika wale watatu, wakaketishwa mstari wa mbele na nguo zao za kanisani. Kisha Profesa akapanda jukwaani, akaanza kueleza, kwa sauti yake nzito, nadharia ya mlango, "ambayo timu yetu imeivumbua."

Espérance alidhani amesikia vibaya. Lakini Profesa alirudia: timu yetu. Kabla Espérance hajajua anafanya nini, alikuwa amesimama.

"Samahani, Profesa. Nadharia hiyo si ya timu. Ni yangu. Niliiwaza mimi, peke yangu."

Profesa alivua miwani yake bila haraka.

"Espérance, katika sura ya kwanza ya tasnifu yako umetufundisha kwamba wazo halina baba mmoja. Mimi nilikupa vitabu. Idara ilikupa ofisi. Wenzako walikusikiliza miezi yote hii. Au sura ya kwanza tuifute?"

Watu wakacheka.

"Sura ya kwanza inahusu mashine," alisema Espérance, na alipojisikia akisema hivyo akaketi.

Nje, baada ya semina, wale watatu walimngojea. Hakutaka kuwatazama usoni.

"Ma Espérance," Josée alimwuliza, "ile mawazo ya mulango, uliitoa wapi?"

"Kwa kutazama."

"Kutazama nani?"

Papa Zéphirin akamwonea Espérance huruma.

"Mumuache kwanza," aliwaambia wenzake. "Miye niko namusikia. Inauma."

Makala kuhusu nadharia hiyo ikachapwa. Katika orodha ya waandishi Profesa alikuwa wa kwanza, Espérance wa pili, na kupata hata nafasi hiyo kulimgharimu ugomvi mrefu. Alipendekeza Josée awe wa tatu. Profesa akasema mama yule hana diploma yoyote. Espérance alikuwa na jibu, jibu zuri kabisa, lakini siku ya kutetea tasnifu ilikuwa karibu, naye akalimeza. Wakaongeza shukrani mwishoni.

Alimpelekea Josée nakala. Josée aliipindua huku na huku.

"Miye niko wapi humu?"

"Hapa chini, Mama. Tunawashukuru wakazi wa Naviundu."

"Lakini miye nakaa Kampemba."

Espérance aliahidi kwamba watasahihisha. Josée alimwambia asijisumbue, akarudi kuosha majani yake.

Tasnifu ilipita kwa sifa kubwa. Kwenye sherehe, nyumbani kwa wazazi wa Espérance, Josée alifika amebeba sufuria ya sombe iliyopikwa kwa mawese na samaki mkavu, na wageni wakaisifu, Profesa Édouard akirudi kujaza sahani yake. Waliuliza nani kaipika.

"Mama Josée Kapya," Espérance alitangaza kwa sauti iliyofika hadi barazani, kisha akalitaja jina lile mara ya pili, polepole, ili kila mtu alishike. "Yeye mwenyewe. Hakusaidiwa na mtu."

Josée aliinama kidogo kushukuru, akaenda jikoni kutafuta mwiko.