Winchi Namba Tatu na Nyumba ya Mama Kabula

Usiku wa jana niliota winchi namba tatu imekuja nyumbani kunigongea dirisha. Iligonga kwa ndoano, taratibu, kama mtu aliyeambiwa ndani kuna mgonjwa. Hakukuwa na mgonjwa. Ilikuwa mchana kweupe, mimi nimekaa kitandani na viatu vyangu, na mke wangu Nyanzobe yuko jikoni anakaanga sato.

Winchi hiyo niliiendesha miaka ishirini na sita pale bandari ya zamani, enzi meli za ziwani zikifika mpaka katikati ya mji. Siku hizi haziji. Maghala yamebaki na popo, reli imeota majani, na sisi wa Mtaa wa Gati tumebaki kwa sababu hatukuwa na safari. Winchi yenyewe ina miaka kumi na miwili haijasogea hata inchi moja. Sasa imesimama uani kwangu, imekanyaga kamba ya kuanikia nguo.

"Shikamoo," nikasema, maana ilisimikwa bandarini kabla sijazaliwa.

"Marahaba, Masalu. Panda, tuna kazi."

"Kazi gani?"

"Kuhuisha eneo."

Nikauliza kama eneo limekufa. Winchi ikasema hilo si swali la dereva.

Nikapanda ngazi. Nilipofika kwenye kiti, kiti kilikuwa ndani ya ofisi ya mradi, na ofisi ya mradi ilikuwa daraja la pili la meli, mabenchi ya mbao pande zote. Mezani kulikuwa na kofia ngumu nyeupe, ile ya mafundi. Chini yake hapakuwa na mtu.

"Mimi ni Afisa Ushirikishwaji," kofia ikasema. "Nimefurahi kukushirikisha."

Nikashukuru. Sikujua nimtazame wapi machoni.

Ukutani palikuwa na bango: HAKUNA MKAZI ATAKAYEHAMISHWA. Kofia ikanisomea, halafu ikanifafanulia. "Mkazi hahamishwi. Kinachohamishwa ni makazi."

"Na mkazi anabaki wapi?"

"Palepale."

"Palepale wapi?"

"Alipo. Wewe si ulisaini?"

Hapa niseme kweli, maana ndoto haina mahali pa kujificha. Nilisaini. Si ndotoni, wiki tatu zilizopita, macho makavu, saa nne asubuhi. Watu wa mradi waliniambia bandari ya zamani itakuwa bustani, winchi namba tatu itapakwa rangi iwe kumbukumbu, na mimi nitakaa ndani yake kila Jumamosi na Jumapili, nimevaa sare, wageni wanipige picha. Chini ya karatasi hiyohiyo paliandikwa kwamba nyumba yangu naitoa ipishe mradi. Nikasaini yote kwa mkupuo mmoja. Nyanzobe sijamwambia mpaka leo. Matofali ya nyumba ile aliyafyatua yeye, akiwa na mimba ya Kabula, mtoto wetu wa kwanza. Naona aibu kusema, lakini hamu ya kukaa tena kwenye kile kiti ilinizidi.

Basi tunaanza kazi. Navuta wenzo, ndoano inashuka, nyumba ya jirani yangu Bugingo inapanda. Nyepesi mno. Bugingo anabaki palepale, amechuchumaa peupe, gazeti mkononi.

"Habari za asubuhi, jirani," namwambia kutoka juu.

"Nzuri. Mbona leo kuna upepo?"

"Wamehamisha choo."

"Aa," anasema, na kufungua ukurasa wa michezo.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga hawakukosea. Nilipandisha nyumba za mtaa mzima na mkono haukuchoka. Kila moja niliizungusha na kuiweka nyuma ya winchi, na kila nilipogeuka kutazama, nyuma ya winchi hapakuwa na nyumba. Palikuwa na mchoro tu: majani ya kijani, miti ya mviringo, na watu wasio na sura wanatembea, kila mmoja na mbwa wake mdogo. Niliwasalimu. Hawakuitika.

Ya mwisho sikuitambua. Ukiwa juu, bati ni bati. Ilipokwisha kuning'inia ndipo harufu ya sato ikanifikia. Nyanzobe akachungulia dirishani, mwiko mkononi.

"Baba Kabula."

"Naam."

"Mbona mafuta yamekimbilia upande mmoja?"

"Nyumba imeinama kidogo. Imefungwa haraka."

"Nishushe."

"Subiri, mama Kabula. Natafuta mahali."

Mahali hapakuwepo. Pale ilipokuwa nyumba yetu palikuwa na benchi jipya, na juu ya benchi amekaa bwana mmoja wa kaptura, analamba aiskrimu. Nikamwomba kwa adabu asogee.

"Siwezi," akasema. "Mimi ni mkazi."

"Tangu lini?"

"Tangu nikae."

Nikaitazama kofia. Kofia ikasoma bango tena, polepole, kwa faida yangu.

Sasa bandarini tuna sheria moja, na hiyo hata mlevi haivunji: dereva haachi kiti mzigo ukiwa hewani. Aliyepandisha ndiye anayeshusha. Kwa hiyo nikakaa. Nadhani nilikaa miaka minne. Kabula aliolewa, nikaona harusi ikipita kule chini. Wageni wakaja na kamera, wakaniambia mzee cheka kidogo, nikacheka. Nilipojitazama nilikuwa nimevaa sare ya vifungo vya shaba. Mradi ulikuwa umetimiza kila ulichoniahidi, na mke wangu ananing'inia kwenye ndoano.

"Baba Kabula," akaniita tena. Hakuwa amezeeka, na sato walikuwa bado hawajaiva upande wa pili. "Huku juu naona mbali. Naona mpaka ofisi ya mradi, paa lake limeondolewa. Mezani kuna karatasi. Sahihi ile ya nani?"

Nikajifanya nakagua breki.

"Mjibu mkeo," winchi ikasema.

"Ya kwangu," nikasema.

Waya ukalia, na winchi ikasema mzigo umeongezeka uzito, tena sana, na kwamba yenyewe ni ya mwaka arobaini na tisa. Nilitaka kumwambia habari ya kiti, jinsi mtu aliyestaafu anavyoamka asubuhi na mikono yake haina pa kwenda. Nikaona maneno hayo, ukiyapandisha mpaka dirishani kwa mtu aliyefyatua matofali, hayafiki.

Nyanzobe akaingia ndani. Akatoka na beseni la maji ya kuoshea samaki, akayamwaga chini yote. Bwana wa kaptura akainuka, akatazama aiskrimu yake, akaondoka zake.

"Mkazi amehamishwa," kofia ikasema.

"Amehama mwenyewe," winchi ikasema.

Kofia ikatafuta fomu ya mkazi aliyehama mwenyewe. Haikuwepo. Na kwa kuwa chini yake hapakuwa na mtu, ikawa kofia tu.

Nikashusha. Kwa miaka ishirini na sita nimeshusha mashine, pamba, hata kengele ya kanisa, na sijawahi kukosea. Safari hii nilikuwa nalia, kwa hiyo mbele ya nyumba na nyuma ya nyumba vilikuwa kitu kimoja. Ikagusa ardhi, nami nikaamka.

Nilikuwa kitandani, peku, mwenye akili zangu. Kumekucha. Kuku wa Bugingo wanalia, na Bugingo mwenyewe anawafukuza kama kawaida. Nikajiambia ni ndoto tu, ya mtu aliyekula akashiba. Nikaenda jikoni kuomba chai.

Nyanzobe alikuwa amesimama mbele ya jiko la mkaa, mkono mmoja juu ya macho. Jua la asubuhi lilikuwa linaingia dirishani, linampiga usoni moja kwa moja. Tumeishi nyumba ile miaka thelathini na moja, na dirisha la jikoni linatazama magharibi.

Hakugeuka. Alilibeba jiko na sufuria yake, akalisogeza kwenye kivuli, akavuta kigoda akakaa.

"Umeishusha kinyume," akasema. "Keti hapo. Anzia siku uliyosaini."